Tindo Sita za Springi

Mhunzi alikuwa mtu wa maneno mengi, lakini mchana huo alibaki kuitazama tu ndoo ya maji. Tindo ya tatu, patasi ya kuchongea mawe, ilikuwa imepasuka. Wachonga mawe walitaka tindo sita kabla ya jua kuzama, la sivyo wangehamia kwa fundi wa ng'ambo ya barabara. Chuma kilichobaki kilitosha sita tu, bila kuharibu tena hata kipande kimoja.

Miaka yote alitengeneza tindo kwa tupa kuukuu. Tupa hizo zilipokwisha, akakata springi ya lori. Akafua, akachoma mpaka chuma kikawa chekundu, akachovya majini kama alivyofundishwa na baba yake. Ta! Ufa. Akayalaumu maji. Mkewe akabadilisha ndoo mara tatu, kisha akauliza kama ayaombe radhi.

Ndipo akaingia shemeji yake, dada wa mke, anayefanya kazi kwenye tanuri la kiwanda cha vipuri. Akaokota kipande kilichopasuka, akacheka.

"Shemeji, springi si tupa."

"Chuma ni chuma."

"Basi na wewe na mbuzi ni nyama tu."

Mke akageukia ukutani, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Shemeji akaeleza. Chuma kina chembe ndani. Kikiwa chekundu, kaboni husambaa humo na chembe hujipanga upya. Kikipozwa haraka, kaboni hunaswa, chuma kinakuwa kigumu. Tupa ina kaboni peke yake; chembe zake hukimbilia kurudi kwenye ulaini, kwa hiyo inahitaji maji kuziwahi.

"Springi imechanganywa na madini ya kromi na manganizi. Hizo zinazichelewesha chembe. Poza polepole kidogo, kwa mafuta, na bado itakuwa ngumu. Maji yanaipoza na kuibana nje kabla ya ndani, ndiyo inapasuka."

Wakamimina mafuta kwenye debe la chuma, kifuniko kikiwa tayari karibu, maana mafuta hushika moto. Tindo ya kwanza ikazama. Wote watatu wakainama kusikiliza. Kimya. Mhunzi akaijaribu kwa tupa yake ya kazi, tupa ikateleza bila kukwaruza.

"Imeshika," akanong'ona.

Akaing'arisha, akaipasha moto taratibu mpaka ikawa rangi ya zambarau, isiwe ngumu mno ikavunjika. Akafuata na tano nyingine, akiimba vibaya.

Jua likiwa bado juu ya mapaa, mkuu wa wachonga mawe akafika, akaweka tindo juu ya jiwe, akaipiga mara moja. Jiwe likapasuka vipande viwili. Akaagiza nyingine kumi.

Siku hizi kwa mhunzi chuma hakiingii motoni kabla ya kuulizwa kilikotoka.