Matope ya Bahati na Vyura wa Samuye

Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo. Lambo la Samuye lilikuwa limejaa mpaka kwenye nyasi. Anisia alikuwa nje ya nyumba yake akipepeta mchele, sikio moja ameliacha lamboni. Alisikia mbuzi. Alisikia ng'ombe wa jirani. Chura hakusikia hata mmoja.

Anisia ameolewa hapa miaka tisa sasa. Kwao ni Ushirombo, kwa Wasumbwa, nyumba ya karibu na bonde. Alipokuja hakujua Kisukuma, wala hakuwa na shoga. Jioni vyura wa lambo walilia, naye alifumba macho akajiona yuko kwa mama yake. Mwaka jana aliwakuta ukingoni wamekufa, miguu imetandazika, ngozi inabanduka. Mwaka huu lambo lilikuwa kimya kabisa. Jamani, alikumbuka kwao siku hizo mpaka chakula kilikuwa hakipiti!

"Krismasi tukienda nyumbani nitabeba ndoo ya vyura," alimwambia mumewe, Maige. "Nitawamwaga humu lamboni."

Maige alicheka sana. "Nyie Wasumbwa mna mambo! Wenzio wanabeba karanga, wewe unabeba vyura."

Maige alikuwa mchimbaji mdogo wa dhahabu, huko upande wa Bulyanhulu. Kila baada ya miezi miwili alirudi nyumbani kwa bodaboda, na mfuko wa sandarusi mgongoni. Ndani ya mfuko mlikuwa na mabuti yake ya mpira, yamejaa matope mabichi. Yeye na wenzake waliamini kwamba matope ya duara, yaani shimo la dhahabu, yana bahati. Ukiyaosha machimboni, umewaachia wengine bahati yako. Yakikauka njiani, na bahati imekauka. Basi Maige aliyafunga mabuti kwa tambara bichi, akaja kuyaosha kwenye lambo la nyumbani. Mtu mzima anasafiri na matope! Lakini usimcheke, kila mtu ana lake.

Wiki iliyofuata alifika Mehjabin. Huyu ni binti wa wenye duka la vitambaa mjini Shinyanga. Alisomea wanyama chuo kikuu, na kazi yake ni kuchunguza vyura. Mwaka jana alichukua vipimo kwa wale waliokufa.

"Shikamoo, Mama Deusdedit," alimwamkia Anisia kwa jina la mwanawe.

"Marahaba, mwanangu. Umetuletea jibu?"

"Nimeleta, ila si zuri. Vyura wenu wamekufa kwa ugonjwa wa fangasi."

Maige alikuwa amekaa kwenye kigoda anajikuna mguu. "Fangasi? Hizi hizi za vidoleni?"

"Hapana, Baba Deusdedit, hizo ni zako mwenyewe," Mehjabin alisema, akacheka. "Hizi ni za vyura. Mtu hazimpati. Lakini kwa chura ni hatari. Chura hanywi kwa mdomo kama sisi, anakunywa kwa ngozi. Hata hewa anaivuta kwa ngozi. Fangasi zikiiharibu ngozi, chumvi ya mwilini inapungua, moyo unasimama."

"Zimefikaje huku?" aliuliza Anisia.

"Zinasafiri kwenye maji na matope mabichi. Mtu akihamisha chura mgonjwa, amehamisha ugonjwa. Ndoo yenye maji, nyavu, mabuti yenye tope, vyote vinaweza kuzibeba."

Anisia alimtazama mumewe. Maige aliutazama mfuko wake wa sandarusi.

"Basi ni mimi," alisema taratibu.

"Siwezi kuapa kuwa ni wewe," alijibu Mehjabin. "Ugonjwa una njia nyingi. Ila njia hii tunaweza kuifunga."

"Na mimi nikileta vyura wa kwetu?" aliuliza Anisia. "Ndoo moja tu."

"Wanaweza kufa, mama. Huenda ugonjwa bado umo humu majini. Na hiyo ndoo ya hapa ukiichovya bondeni kwenu, unaweza kuwaua na wale wa kule."

Anisia alilia. Ndiyo, alilia kwa ajili ya vyura, na hakuona aibu. Alikuwa ameingoja Krismasi hiyo kwa hamu kubwa.

"Sasa bahati yangu itakuwaje?" Maige alinong'ona.

Weee! Anisia alisimama.

"Bahati gani, Maige? Miaka sita unaosha bahati humo lamboni. Imetuletea nini? Na Krismasi unakwenda kumchimbia mama mfereji bondeni kwa mabuti hayo hayo. Ukiwaua na wa kule, mimi nitasikiliza nini?"

Maige aliingia ndani, akatoka na brashi. "Haya, nionyesheni," alisema.

Mehjabin alimpeleka mbali na lambo, kwenye ardhi kavu. Waliyasugua mabuti mpaka tope likaisha hata kwenye nyayo. Waliyaosha kwa sabuni ndani ya beseni, wakamwaga yale maji palepale kwenye ardhi kavu. Halafu wakayachomeka juu ya miti ya ua, midomo ikitazama chini.

"Yaache mpaka yakauke na ndani," alisema Mehjabin. "Fangasi hizi hazivumilii ukavu. Jua la Shinyanga ni dawa, na hatulinunui. Ndoo ya hapa ibaki hapa. Na msihamishe chura, wala viluwiluwi, wala maji."

Maige aliporudi machimboni aliwasimulia wenzake. Wengi walimcheka. Wawili waliosha mabuti yao na kuyaanika.

Krismasi walikwenda Ushirombo na mabuti makavu. Anisia alikaa bondeni kila jioni, siku nne. Vyura walilia mpaka watu wakawa wanaongea kwa kupaza sauti. Siku ya kuondoka aliwatazama kwa muda mrefu. Kisha akapanda basi mikono mitupu.

Lambo la Samuye lilibaki kimya. Mehjabin alisema inaweza kuchukua miaka, na hakuwaahidi kitu.

Februari, saa kumi na mbili jioni, Anisia alikuwa anasonga ugali. Simu iliita. Alikuwa ni mama yake, Monika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hebu nyamaza kidogo, mwanangu."

Anisia alisikia mama yake akitembea, nyasi zikikwaruza gauni. Alisikia akihema kwenye mteremko. Halafu mama aliinyoosha simu kuelekea bondeni.

Anisia aliuacha mwiko ndani ya sufuria. Aliongeza sauti mpaka mwisho, akakaa chini hapo hapo kwenye majivu.

"Wapo wote," alisema mama yake baada ya kitambo. "Umewasikia? Salio langu linaisha."

"Nawasikia, mama," alisema Anisia. "Usikate. Usikate kwanza."