Mpini wa Mwiko

"Mwiko kwenye riwaya hii ni mnyonge," Mwalimu wa fasihi aliwaambia wanafunzi waliokusanyika bwaloni, kifua mbele, wakaguzi wawili wakiandika. "Unazama chunguni kabla ya yeyote. Unajua ladha, haujui shibe. Hilo nililigundua mwenyewe."

Nyuma ya dirisha la jikoni, Mpishi aliacha kukoroga.

"Mwenyewe? Makubwa haya!"

"Si maneno yako hayo?" mwenzake wa jikoni alinong'ona. "Uliyasema hapa hapa, ukimenya vitunguu!"

"Ndiyo, dada. Yeye alikuwa anang'ang'ana eti mwiko ni tamaa."

Roho ilimuuma kweli. Miaka miwili ya mapenzi na Mwalimu huyu, na Jumapili hii apelekwe kwa mama mkwe mtarajiwa, ambaye alishaambiwa kwamba mchumba "anafanya kazi ofisini". Hilo alilimeza. La leo lilimkwama kooni.

Bwaloni, msichana wa mbele alinyoosha mkono.

"Mwalimu, mwandishi anarudia mara tatu kwamba mpini wa mwiko ni mrefu. Mpini ni nini?"

Mwalimu akakohoa. Akafungua kitabu, akakifunga. Akatoa simu, eti anaangalia saa. Mara simu ya Mpishi ikatetemeka ndani ya aproni.

"Mpenzi, mpini ni nini? Haraka, naumbuka."

Mpishi aliisoma mara mbili. Nikimjibu amepona, na mimi Jumapili narudi kuwa wa ofisini. Nikinyamaza anaaibika, na bado nampenda, shida yangu hiyo. Akatoa kichwa dirishani, mwiko mkononi.

"Mpini ni mrefu ili aliyeushika asiungue!"

Bwalo zima likageuka.

"Moto unaupata mwiko, sifa anapata mshikaji. Na leo, Mwalimu, mpini umeushika wewe!"

"Uuuwi!" wanafunzi wakapiga meza.

"Huyu ni nani?" mkaguzi akauliza.

Mpishi akamkazia macho Mwalimu. Akisema "mpishi wetu tu", basi, kila mtu na lwake.

Mwalimu akafuta jasho.

"Ni mchumba wangu. Anapika hapa. Na yote niliyosema leo ni yake, mimi nimemwibia."

Kengele ilipolia, alikuja jikoni kichwa chini.

"Nisamehe. Niliogopa watasema nafundishwa na mpishi."

"Kwani hufundishwi?"

"Nafundishwa." Akainua kichwa. "Umekula?"

Mpishi akamtazama. Watu mia nne walikula kutoka mkononi mwake kila siku, na hakuna aliyewahi kumuuliza hilo, hata huyu.

"Bado."

Mwalimu akachukua sahani, akaushika mwiko chini kabisa, kwenye moto wenyewe. Vidole vikaungua.

"Mamaa!"

"Afadhali," Mpishi akasema, kicheko kikimtoka bila kutaka. "Leo umejua panapounguza."

"Jumapili utakuja?"

"Nitakuja. Ila mwambie mama mimi ni mpishi." Akapokea sahani, akakaa chini kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Na mwambie nakuja na njaa."