Mistari Myeusi Kwenye Jicho la Fundi

Kila siku baada ya masomo, Chiriku, kama walivyomwita kwa maneno yake mengi, alipitia kliniki ya macho alikofanya kazi shangazi yake, mpiga picha za ndani ya jicho. Alikaa pembeni akiandika kazi za shule. Sheria ilikuwa moja tu: mashine haiguswi.

Siku hiyo daftari lake liliangukia nyuma ya mashine. Shangazi alikuwa nje akiita wagonjwa. Chiriku akavuta meza ya mashine, akaokota daftari, akairudisha haraka. Aliona waya mwembamba wa manjano umebanwa ukutani. "Haujakatika," akajipa moyo.

Akaingia fundi cherehani, mzee mwenye mikono mikavu. Picha ya jicho lake ilitokea na mistari mipana myeusi. Shangazi akamwita daktari aje kuitazama.

"Mzee wangu, sitakuficha. Sehemu hii inaonekana imeharibika. Itabidi nikuchome sindano ndani ya jicho, leo hii."

"Ya jicho?" Fundi alijaribu kucheka. "Hata ya kushonea inanichoma kila siku, Daktari! Na nikipofuka, nani atanitungia uzi?"

Chiriku aliukumbuka ule waya. Akisema, atafukuzwa. Akinyamaza, je? Muuguzi alikuwa tayari ameenda kuleta sindano.

"Shangazi," alisema kwa sauti ndogo, "mimi nilisogeza mashine. Waya umebanwa."

Shangazi alibadilika uso. Alivuta meza, akaulegeza waya, akaunyoosha, kisha akazungusha kigurudumu kidogo cha kusawazisha mwanga. Akapiga picha upya. Mistari ilitoweka, ikabaki alama moja ndogo.

"Hii ni ya kweli," daktari alisema, "lakini dawa ya matone inatosha. Nami nimekosea, nilipaswa kurudia picha kabla ya kuhukumu. Samahani, mzee."

Fundi alifuta jasho.

Chiriku alipolia, shangazi alimketisha. "Ndani ya waya huu mna uzi wa kioo unaopitisha mwanga. Mwanga hupita humo ukitetemeka kwa mwelekeo mmoja. Uzi ukibanwa, mwelekeo huo hupindika, na mashine huchora mistari isiyokuwamo jichoni."

"Nisamehe, shangazi."

"Nimekusamehe, ila wiki hii utakaa nyumbani. Mashine haina mdomo wa kusema imeguswa, mwanangu. Aliyeigusa ndiye mwenye kusema, tena mapema, kwa maana ukweli ukichelewa, anayeumia ni asiye na kosa."