Pumzi ya Kitwana

Hewa ya mtungini haina harufu. Hilo ndilo jambo la kwanza Hafidha alilowafundisha wanafunzi wake wa kuzamia, kabla hata hawajavaa miwani: ukisikia harufu yoyote, toka. Kwa hiyo Ausi alipoibuka katika bwawa la kuogelea la shule ya uzamiaji ya Bagamoyo, akatema mpira wa kuvutia hewa na kukunja uso, Hafidha alishtuka.

"Mwalimu, aliyejaza huu mtungi alikuwa anatafuna tambuu?"

Wenzake wakacheka. "Sema tu umeogopa maji!"

Hafidha aliupokea mpira, akavuta. Ilikuwa tambuu kweli, chokaa na karafuu, na ndani yake uvuguvugu wa kinywa cha mtu. Akafunga koki. Pale shuleni mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa akitafuna tambuu: Kitwana, mzamiaji mkuu. Naye walikuwa wamemzika masika yaliyopita.

Aliuweka mtungi ule kando, akaendelea na somo. Aliwaeleza jinsi watu wa kale walivyozama kwa pumzi moja tu. Wengine baadaye wakavishwa kofia za chuma zenye bomba la kuleta hewa kutoka juu. Ikawa hivyo hadi wakati wa Vita Kuu ya Pili, Wafaransa wawili walipobuni koki inayompa mzamiaji hewa kila anapovuta, akaweza kubeba hewa yake mgongoni. Kisha hatari. Usizuie pumzi unapopanda, mapafu yatapasuka. Usipande haraka, damu itajaa mapovu. Usivute hewa chafu, maana moshi kidogo usiomwangusha mtu nchi kavu humuua chini ya maji.

Hivyo ndivyo Kitwana alivyokufa. Upepo uligeuka siku ile, na kompresa ya kujazia mitungi ikawa inavuta moshi wa injini yake yenyewe. Kitwana alipoibuka mara ya kwanza alilalamika kichwa kinamuuma, lakini Alawi, mwenye shule, akamwambia, "Njaa hiyo, bwana. Wageni wanasubiri." Akazama tena, hakurudi hai. Hafidha aliyajua haya kwa sababu alikuwepo, na ndiye aliyepima mitungi iliyobaki. Lakini msibani Alawi alimwambia mama yake Kitwana kwamba mwanawe alikufa kwa uzembe wake mwenyewe.

"Bwana Alawi, mwambie yule mama ukweli," Hafidha alimnong'oneza mchana ule baada ya somo. "Anapita mtaani watu wanamcheka mwanawe."

"Na shule ifungwe? Mwalimu, wewe fundisha."

Jioni kompresa ilianza kuhema. Haikunguruma, ilihema, polepole, kama mtu aliyelala, na tangi lake la petroli lilikuwa kavu. Mardhiya, mke wa Alawi, ndiye aliyetuma mtu Kerege kumleta Bi Mgeni, mganga.

"Shikamoo, bibi," Alawi alimsalimu.

"Marahaba." Bi Mgeni aliweka kiganja juu ya ile mashine, akakiondoa upesi. "Umemdhulumu nani, mwanangu?"

"Sijamdhulumu mtu."

"Kuna jini wa bahari alikuwa na marehemu alipokata roho. Aliipokea pumzi yake, na chuki yake. Hataki kuku, hataki marashi. Anataka useme ukweli mbele ya mama wa marehemu. Ukifukiza tu, humtoi. Unamfungulia mlango."

"Nipe buhuri ya kufukiza, bibi. Maneno niachie mimi."

Asubuhi Hafidha alikuta chetezo chenye makaa mekundu ndani ya chumba cha kompresa. Mashine ilikuwa inahema kwa nguvu, na moshi wa udi ulijikunja kama uzi, ukaingia wote katika bomba la kuvutia hewa.

"Umeiwasha?" alimuuliza Alawi, aliyesimama kando ya mashine.

"Sijaigusa!" Alawi alisema, jasho likimtoka. Mitungi yote ilikuwa imejaa.

"Ifungue yote, hewa itoke! Moshi wa makaa unaua!"

"Udi ni baraka. Wafanyakazi wameanza kunong'ona. Nikizama na kurudi, yameisha."

Akajifunga mmoja wa mitungi ile, wakatoka na boti, akazama baharini. Hafidha na Mardhiya walisubiri botini mpaka mapovu yalipoacha kupanda, ndipo Hafidha alipojifunga mtungi wake mwenyewe, uliojazwa kabla ya moshi ule, akashuka katika maji yaliyozidi kuwa kimya kila alipopiga pezi, akijikumbusha kupumua, kupumua tu, hata alipomwona Alawi amepiga magoti mchangani, macho wazi, mpira umemtoka kinywani, na bado kifua chake kinapanda na kushuka taratibu, kana kwamba kuna mtu ndani yake aliyezoea kuishi pale.

Alimpa mpira wake wa akiba, akampandisha polepole. Botini Alawi alifumbua macho, akamtazama mkewe kwa huruma.

"Pole, shemeji," akasema.

Mardhiya akaziba mdomo. Ilikuwa sauti ya Kitwana, na mumewe hakuwahi kumwita shemeji.

"Mwambieni mama sikuwa mzembe. Kompresa ilivuta moshi. Nilimwambia mumeo kichwa kinaniuma, akasema njaa."

"Na Alawi?" Mardhiya alinong'ona. "Alawi wangu yuko wapi?"

Yule aliyeuvaa mwili wa mumewe aliinama, akachungulia majini.

"Yuko chini. Hewa anayo, ileile aliyonipa."