Kiti Kilichoandikwa Kimefika

Kila asubuhi, kabla ya kufungua kibanda chake, fundi viatu alimbeba mama yake mgongoni kutoka chumbani hadi kibarazani. Zilikuwa hatua ishirini tu, lakini mama hakuipenda hata moja.

"Polepole, mwanangu," alikuwa akimwambia. "Mimi si gunia la viazi."

Miezi minne nyuma mama aliteleza bafuni, akaanguka, akavunjika nyonga. Hospitali walimtibu vizuri na mfupa ukaunga. Tatizo lilikuwa nguvu za mguu. Daktari alisema mazoezi yatasaidia, ila itachukua muda mrefu kabla hajaweza kwenda mbali kwa miguu yake. Mama huyu alikuwa mpishi wa shule kwa miaka ishirini na sita. Alizoea masufuria makubwa, kelele za watoto na watu wa kutaniana nao. Sasa alishinda kibarazani akitazama ukuta wa jirani. Alisema anaujua ukuta huo kuliko mtu aliyeujenga.

Nyumbani walikuwa watatu: fundi, mama yake na mke wake. Mke alifanya kazi ya kufua na kupiga pasi mashuka katika nyumba ya wageni. Wote watatu walikubaliana kwamba mama anahitaji kiti cha magurudumu. Fundi na mkewe walikwenda duka la vifaa vya hospitali, wakaulizia bei, wakakuta inazidi akiba yao.

Baada ya siku chache fundi aliona kiti kama kile kwenye simu yake, katika soko la mtandaoni. Bei ilikuwa karibu nusu. Muuzaji aliandika kwamba vimebaki viwili tu. Mke alimshauri asubiri kwanza, waulize watu waliowahi kununua kwa muuzaji yule. Fundi aliitikia, lakini moyoni aliogopa viti vitakwisha. Kesho yake, soli ya mteja ikiwa bado haijakauka gundi, alishika simu akalipa. Ilikuwa akiba yao yote.

Jioni aliwaambia. Mke alisema basi, Mungu asaidie. Mama alifurahi mno. Alimpigia simu dada yake anayekaa mtaa wa mbali, akamwambia ajiandae, mgeni anakuja kwa magurudumu.

Kiti kiliahidiwa kufika ndani ya siku kumi. Siku kumi zikapita. Fundi alipouliza, muuzaji alijibu kwa upole kwamba mzigo uko njiani, akamtumia namba ya kuufuatilia. Akampa pia namba yake ya simu, wawe wanaongea huko badala ya ndani ya soko, eti ndiyo haraka zaidi. Fundi akaona ni mtu mwema.

Wiki ya tatu simu ilimletea ujumbe wa soko: mzigo wako umefikishwa. Fundi alifunga kibanda akakimbia nyumbani na nyundo bado mkononi. Mlangoni hapakuwa na kitu. Aliuliza wapangaji wenzao wote wa ile nyumba. Aliuliza duka la pembeni. Hakuna aliyeona kiti wala boksi.

Alimpigia muuzaji. Muuzaji alicheka kidogo, akasema ni hitilafu ya mtandao tu. Kiti kiko kwenye gari lao. Fundi aingie kwenye soko, abonyeze neno "Nimepokea", ndipo gari liruhusiwe kukileta.

Jambo hilo halikumkalia vizuri fundi. Ataandikaje kwamba amepokea kitu ambacho hajakiona? Hakubonyeza. Lakini hakumwambia mtu pia. Mama alipouliza, alijibu leo au kesho. Mke alipouliza, alijibu hivyohivyo. Siku zikaenda. Muuzaji akawa anapiga simu asubuhi na mchana, na upole ukaanza kumwisha.

Siku ya kumi na tatu tangu ujumbe ule, fundi alipomkalisha mama kibarazani, mama hakumwachia mkono.

"Mwanangu, kile kiti kimepotea," alisema.

Fundi akaanza kusema leo au kesho.

"Mimi nimevunjika nyonga, sijavunjika masikio," mama alisema. "Nakusikia unavyobembeleza watu kwenye simu huko bafuni. Nieleze."

Fundi alichuchumaa mbele yake akaeleza yote. Aliongea akitazama chini. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia hamlaumu, kwa sababu kosa lake limetokana na kumpenda mama yake. Ila leo hii lazima amwambie mkewe. Zile zilikuwa pesa zao wote wawili.

Mke alirudi kutoka kazini saa kumi. Aliketi, akaingiza miguu kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, maana alikuwa amesimama kutwa nzima. Fundi alimwambia hapo hapo. Mke aliacha kusugua miguu.

"Kupotea kwa pesa kunaniuma," alisema. "Kunificha kunaniuma zaidi. Siku zote hizi ulikuwa unalala vipi na mzigo wote huo peke yako?"

Fundi alitaka akaripiwe, na huruma ile ikamshinda. Alikaa chini kando ya beseni. Mke akafuta miguu, akavaa ndala, akamwambia waende kwa Mama Mizani sasa hivi.

Mama Mizani alipanga chumba cha mwisho katika nyumba ileile. Alifanya kazi ofisi ya vifurushi, na kutwa nzima alikuwa akipima mizigo ya watu. Ndipo jina hilo lilipotoka. Akishika kitu chochote lazima akadirie uzito wake. Aliwahi kujaribu kukadiria uzito wa mama, mama akamwambia hiyo ni siri ya serikali.

Aliwakaribisha ndani, akasikiliza. Swali lake la kwanza lilikuwa moja tu.

"Umebonyeza?"

"Bado," fundi alijibu.

"Basi usibonyeze, jirani. Hata akikulilia."

Aliwaeleza kwa nini. Fundi alilipa ndani ya soko lenyewe. Kwa masharti ya soko lile, pesa ilikuwa bado imeshikiliwa. Muuzaji hupewa pale mnunuzi anapothibitisha kwamba amepokea, au siku za kulalamika zinapokwisha bila mnunuzi kusema neno. Muuzaji alijua hilo, ndiyo maana alisumbua. Alimtoa fundi nje ya soko ili maneno yake yasionekane na wenye soko.

Mama Mizani akafungua ukurasa wa masharti kwenye simu ya fundi. Mnunuzi alipewa siku kumi na tano za kulalamika, kuanzia siku mzigo ulipoandikwa umefikishwa. Zilibaki mbili.

Kisha aliomba namba ya kufuatilia mzigo, ile ambayo muuzaji alimpa fundi. Aliiandika kwenye tovuti ya kampuni iliyosafirisha, akasoma, akageuza simu ili wote waone.

"Soma hapo, shemeji. Uzito."

Fundi akasoma. Gramu arobaini.

"Gramu arobaini ni bahasha," Mama Mizani alisema. "Kiti cha magurudumu hakipungui kilo kumi. Na ona hapa, imefikishwa mji mwingine kabisa. Huyu alituma bahasha kwa mtu yeyote ili apate namba ya kukuonyesha."

Mke aliguna. Fundi alisema yeye ni mjinga. Mama Mizani alimkatalia. Alisema kila wiki watu wanafika dirishani kwake na namba za aina hiyo. Amewaona walimu, amemwona hata mwanasheria. Wanaopoteza kila kitu mara nyingi ni wale wanaoona aibu na kukaa kimya mpaka siku zinakwisha.

Asubuhi yake fundi na mkewe walikwenda ofisi ya kampuni ile ya usafirishaji. Mke aliomba ruhusa ya saa mbili kazini. Karani aliangalia namba, akawaandikia barua fupi yenye muhuri. Ilisema kwamba mzigo wa namba hiyo ulikuwa na uzito wa gramu arobaini, na haukuletwa katika mji wao.

Mchana walikutana kibandani na Mama Mizani, wakati wake wa mapumziko. Walipiga picha za skrini: risiti ya malipo, tangazo la kiti, jumbe zote za muuzaji pamoja na tarehe. Wakapiga picha ile barua. Kisha fundi akaanza kuandika malalamiko ndani ya soko. Aliandika kwa hasira. Alimwita muuzaji mwizi, mnyama, mtu asiye na mama.

Mama Mizani alisoma akatabasamu. Alimwambia anayesoma hataki kujua muuzaji ni mtu wa namna gani. Anataka kujua kilichotokea na lini. Basi wakafuta, wakaandika upya:

"Nilinunua kiti cha magurudumu na kulipia hapa sokoni. Imeandikwa kimefikishwa, lakini sijakipokea. Barua ya msafirishaji inaonyesha mzigo ulikuwa wa gramu arobaini na ulikwenda mji mwingine. Muuzaji ananitaka nibonyeze 'Nimepokea'. Naomba nirudishiwe pesa yangu yote. Ushahidi nimeuambatanisha."

Walipotuma, soko likawapa namba ya malalamiko. Mke aliiandika kwenye karatasi, na tena kwenye simu yake.

Fundi aliuliza ingekuwaje kama angemtumia muuzaji pesa moja kwa moja kwenye simu yake. Mama Mizani alisema hapo kazi ingekuwa ngumu zaidi. Angetakiwa kupiga simu siku hiyohiyo kwa kampuni ya simu au benki aliyolipia, aombe muamala uzuiwe kama bado inawezekana, kisha aende polisi na ushahidi wake. Wakati mwingine pesa hupatikana, mara nyingi haipatikani. Na mtu akiombwa pesa nyingine eti ya kuukomboa mzigo, asitoe hata senti.

Jioni muuzaji alipiga simu. Sauti ilikuwa ya upole tena. Alimwita fundi kaka yangu. Alisema ana familia, na kama fundi ataondoa malalamiko, pesa yake itarudi usiku huohuo. Fundi alisita. Kweli alimwonea huruma. Alimtazama mkewe. Mke alitikisa kichwa. Walikuwa wameshasoma kwamba malalamiko yakiondolewa hayafunguliwi tena.

"Rudisha pesa kupitia sokoni," fundi alisema. "Ukirudisha, malalamiko yatajifunga yenyewe."

Simu ikakatwa. Haikupigwa tena.

Soko lilichukua siku tisa. Katikati wenye soko waliandika wakitaka picha ya barua iliyo wazi zaidi, na fundi akaituma saa hiyohiyo. Siku hizo tisa zilikuwa ndefu. Mke alikuwa akiangalia simu hata anapokunja mashuka. Siku ya kumi, saa nne asubuhi, pesa yote ikarudi. Muuzaji yule alifungiwa, na tangazo lake halikuonekana tena.

Safari hii walikwenda wote wawili duka la vifaa vya hospitali. Mke ndiye aliyeuliza kama kuna kiti kilichotumika. Kilikuwepo kimoja. Kilikuwa kimefungwa magurudumu mapya na breki mpya, na bei yake waliiweza. Fundi alikikagua kama anavyokagua kiatu, akapindua, akavuta, akasukuma. Mke alikikalia, akajaribu breki. Waliomba risiti na dhamana ya miezi sita, ndipo wakalipa.

Mama alikwenda kwa dada yake Jumamosi ya kwanza. Majirani wa huko wanasema dada hao wawili walicheka mpaka mtaa mzima ukasikia. Tangu hapo hakai kibarazani. Asubuhi anapelekwa kibandani kwa mwanawe, anashinda hapo akiongea na wateja.

Wiki iliyopita alikuja muuguzi aliyekatika kisigino cha kiatu. Alipokuwa akisubiri, alilalamika kwamba ameagiza mashine ya kupima presha mtandaoni na huu ni mwezi wa pili hajaiona, ingawa siku tisa nyuma iliandikwa imefikishwa. Alisema ameshaisamehe.

"Umesamehe nini wewe?" mama alimwuliza. "Ulilipia ndani ya soko au nje? Siku za kulalamika zimebaki ngapi?"

Muuguzi hakujua. Alitoa simu akatafuta kwenye masharti. Zilikuwa zimebaki sita.

Basi akaanza kuandika, ameketi kwenye kigoda cha wateja, mguu mmoja peku. Mama alilegeza breki, akashika magurudumu kwa mikono yake, akajisogeza mwenyewe mpaka kando yake ili aione skrini vizuri.