Tulivyompongeza Kinyozi kwa Kupungua

Majirani zangu, wazazi wenzangu, na wewe kijana unayesoma huku jicho moja liko kwenye simu, nipeni masikio kidogo. Haya sikusimuliwa. Duka langu la ushonaji na kibanda cha Kinyozi vinatenganishwa na ukuta wa mbao tu. Akikohoa nasikia, akicheka nasikia, na akinyamaza, jambo ambalo ni nadra, nasikia pia.

Asubuhi za pale zilikuwa za amani. Kinyozi anafungua mlango, anafagia nywele ambazo jana yake alikuwa amechoka kuzifagia, anafuta kioo, anapanga vitana, anawasha redio. Mkewe, ambaye ni dobi, anapita na beseni la nguo za watu kichwani, anamwachia chupa ya chai mezani, wanataniana kidogo, kila mmoja anashika kazi yake. Hawakuwa matajiri, lakini nyumba yao ilikuwa na vicheko.

Kinyozi alikuwa na sheria moja ya kazi: mteja aliyekaa kwenye kiti habishiwi. Nilipomuuliza sababu, alinijibu kwa uzito kabisa.

"Dada fundi, ukimbishia mtu huku umemshikia wembe, atatikisa kichwa. Akitikisa kichwa, nitamkata. Sasa si bora nikubali tu?"

Basi kutwa nzima ukutani kwangu kulipita "Ndiyo, mzee", "Kabisa, kaka", "Hapo umenena, bosi". Mteja wa kwanza akisema timu fulani ni bora, ndiyo. Wa pili akisema timu hiyohiyo ni takataka, kabisa. Katika mambo ya mpira hapana ubaya. Ubaya ulianza wateja walipohamia kwenye mwili wake.

Aliyeanza ni yule tuliyembandika jina la Daktari wa Simu. Hana cheti cha chochote, wala hana nywele, maana kipara chake kinang'aa kutoka paji hadi kisogoni. Ila kila siku alikuwa pale kwenye benchi, kidole kwenye simu, anasomea watu mambo ya afya yaliyotumwa na watu ambao naye hawajui. Siku hiyo alimtazama Kinyozi kitambi, akatikisa kichwa.

"Ndugu yangu, tumbo hilo litakumaliza. Acha chakula cha jioni. Kunywa juisi ya matunda tu, nyingi uwezavyo. Matunda ni asili, na kitu cha asili hakina madhara."

"Kabisa," alisema Kinyozi.

Safari hii hakuitikia ili kazi iende. Aliogopa. Jioni alirudi nyumbani na mfuko wa matunda, akayasaga yote, akachuja, akaongeza sukari kidogo ili yapande, akanywa jagi zima. Kesho yake mteja mwingine akamwambia anywe maji mengi kabla ya kupiga mswaki. Akanywa. Mwingine akasema maji ya asubuhi yanazima moto wa tumbo, ayanywe baada ya kula. Akanywa na hayo. Mmoja akasema atembee pekupeku alfajiri ili miguu ivute nguvu za ardhi. Mwingine akasema baridi ya miguuni ndiyo chanzo cha maradhi yote, alale na soksi. Basi Kinyozi wetu akawa anatembea pekupeku alfajiri na kulala na soksi usiku, na mkewe akabaki ameshika kichwa.

"Mume wangu," alimwambia, "hivi maji tunakunywa kabla au baada? Watoto wananiuliza, na mimi sijui."

"Kunyweni yote mawili," alisema Kinyozi. "Kati ya hayo, moja litakuwa sahihi."

Nawaambieni, nyumba ile ilipoteza dira. Wiki hii chumvi ni sumu, wiki ijayo chumvi ya mawe inasafisha damu. Leo mayai hayafai, kesho mayai ndiyo dawa. Yule dobi alikuwa akifika jikoni anasimama tu, sufuria mkononi, hajui aweke nini. Hata mimi, niliyekuwa nasikia kila kitu kupitia ukutani, nilianza kujiuliza kama chai yangu ya saa nne inaniponya au inaniua.

Halafu Kinyozi akapungua.

Alipungua kweli. Aliniletea suruali zake nizibane kiunoni, na hazikupita siku nyingi akaniletea zilezile nizibane tena. Kitambi kikaisha, mashavu yakaingia ndani, shingo ikawa nyembamba kwenye kola. Mtaa mzima ukashangilia. "Umependeza!" "Umerudi ujanani!" "Tupe siri!" Daktari wa Simu akampiga picha akaitawanya kwa watu, na chini yake akaandika maneno ya kujisifu mwenyewe.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo tulipochanganyikiwa wote.

Kinyozi alianza kushikwa na kiu isiyokatika. Daktari wa Simu akasema mwili umeshayazoea maji, ni dalili njema. Akawa anakwenda chooni kila mara, hata anamwacha mteja na nusu ya ndevu. Wakasema sumu inatoka. Akaanza kuchoka, anaketi kwenye kiti cha wateja anasinzia. Wakasema mwili unajijenga upya, lazima uchoke. Alikanyaga kigae cha chupa katika matembezi yake ya pekupeku, na kidonda hakikufunga, ila hakikumuuma. Wakasema kisichouma kinapona. Macho yakaingia ukungu. Wakasema huo ni uchafu wa zamani unatoka, avumilie. Hata pumzi yake ikaanza kunukia kama tunda lililoiva kupita kiasi, naye akajisifu kwangu: "Unaona, dada fundi? Matunda yamefika hadi kwenye damu!"

Kila ugonjwa uliobisha hodi ulipewa jina la afya ukakaribishwa ndani.

Mkewe peke yake hakutulia. Alikuja dukani kwangu akaketi juu ya marobota ya vitambaa, mikono yake bado ina povu la sabuni.

"Dada, naomba uniambie ukweli. Mume wangu anapona au anaumwa?"

Nilikuwa nimebana suruali zake kwa mikono yangu, na bado nikamwambia sijui.

"Namwambia aende zahanati akapime," aliendelea, "ananiuliza akifika aseme nini. Eti amwambie daktari kwamba amependeza? Anacheka. Mimi nikimwangalia amelala, namuogopa. Naona kama ni mtu mwingine. Halafu natoka nje, watu wote wananiambia nina bahati. Labda mimi ndiye nina tatizo?"

Alilia kidogo, akajifuta kwa kanga, akarudi kwenye nguo za watu. Mimi nikarudi kwenye cherehani, lakini nilishona kombo siku nzima.

Jibu lilikuja lenyewe, na halikuja kwa upole.

Dereva mmoja wa lori alikuwa amekaa kwenye kiti kunyolewa. Mimi nilikuwa napiga pasi shati la mtu. Nikasikia kelele: "Wewe! Sikio langu!" Nikakimbilia upande wa pili. Dereva kasimama, taulo shingoni, damu inamchuruzika nyuma ya sikio. Kinyozi kashika wembe, anapepesa macho.

"Nisamehe, kaka," alisema. "Nimeona masikio mawili upande mmoja. Nikadhani hili si la kweli."

Watu wakacheka. Naapa, walicheka, wakidhani ni utani wake wa kila siku. Lakini wembe ulimponyoka, akaketi sakafuni juu ya nywele, anahema kwa kasi kama aliyetoka kupanda mlima, na ile harufu ya tunda bovu ikajaa kibandani. Akasema tumbo linamuuma. Kisha macho yakageuka, akazimia.

Basi kila mtu akawa mganga. "Mnuseni kitunguu!" "Mvueni viatu!" "Msimvue, atapata baridi!" "Amepungukiwa nguvu, mpeni kitu kitamu!" Daktari wa Simu alikuwa anatafuta kwenye simu, huku anasema subirini, subirini, niliisoma mahali. Mtu mmoja alikuwa ameshafungua soda, amemwinua Kinyozi kichwa, anataka kuimimina mdomoni mwa mtu asiyejitambua.

Mkewe aliingia wakati ile soda imeshamgusa Kinyozi midomoni. Sijawahi kumsikia mwanamke yule akipaza sauti, na sidhani kama yeye mwenyewe aliwahi kujisikia.

"Mwacheni! Atapaliwa! Mtu asimpe kitu tena! Mmeshampa vya kutosha!"

Akamlaza mumewe ubavu, akamgeukia dereva ambaye bado alikuwa amebana sikio lake kwa taulo.

"Shemeji, lori lako liko wapi?"

Dereva hakusema neno la ugomvi. Alimbeba Kinyozi mgongoni, na tulishangaa jinsi alivyombeba kwa wepesi. Mtu mzima yule alikuwa amebaki mifupa.

Mimi na mkewe tukapanda lori pamoja naye. Hospitali walimtoboa kidole, wakaweka damu kwenye mashine. Mashine ikakataa kutoa namba. Muuguzi akatuambia maana yake sukari imepanda hadi kipimo hakiwezi kuihesabu. Wakamkimbiza ndani na dripu. Baadaye akatoka daktari, mama mmoja mtulivu mwenye miwani, akaketi na mke wa Kinyozi kwenye benchi.

"Mama, mumeo ana ugonjwa wa kisukari, na umemwingia sana. Tunapambana. Nisaidie jambo moja: alianza kuumwa lini?"

Yule mke akafikiri. Akanitazama, akamtazama tena daktari.

"Daktari," alisema, "tangu siku watu walipoanza kumpongeza."

Nilitoka nje ya wodi nikalia.

Hakufa. Nawaambia mapema msije mkakaa roho juu. Alikaa hospitali hadi majirani wakazoea kuona kibanda kimefungwa. Ukungu wa macho ulipungua polepole sukari ilipotulia. Ila kile kidonda cha mguu, kile ambacho hakikuuma kwa sababu mishipa ya fahamu ilikuwa imeanza kufa, kilikuwa kimekula hadi mfupani. Walimkata vidole viwili vya mguu wa kulia. Kazi yake ni ya kusimama kutwa, na mpaka leo ananyoa ameegemea meza.

Aliporudi nyumbani, mkewe alikuwa ameshafundishwa namna ya kuhifadhi insulini, ile dawa ya sindano ya kushusha sukari, na jinsi ya kupima sukari. Na wageni wakaanza kuja. Kila mmoja na mfuko wake: huyu majani, huyu unga wa mizizi, huyu mafuta. Daktari wa Simu naye alikuja, safari hii anatazama chini. Lakini tabia ni tabia. Baada ya pole akainama akanong'ona:

"Ndugu yangu, hiyo sindano ukiizoea hutaiacha maisha. Kuna unga mmoja, ukiutumia unaitupa kabisa."

"Ndiyo, kaka," alisema Kinyozi. Mimi nilikuwepo.

Mgeni alipoondoka, Kinyozi alikaa na ile sindano mkononi, haichomi wala haiweki chini. Alikuwa amevurugikiwa kama zamani.

"Mke wangu, yule mgeni anasema dawa hii inazoesha mwili. Na wengine wanasema hivyohivyo. Wote hao wanaweza kukosea?"

Mkewe alikuwa anakunja nguo za watu. Hakuinua kichwa.

"Walikuwa wangapi waliosema kidonda kinapona?"

Kinyozi akautazama mguu wake uliofungwa bandeji. Akainua shati, akabana nyama ya tumbo kama alivyoelekezwa, akachoma sindano. Halafu mtu mzima yule akalia kwa kwikwi, na mkewe akaacha nguo akaenda kumshika.

FUNZO

Jamani, sikusema maji ni mabaya. Maji ni mazuri, kutembea ni kuzuri (vaeni viatu), na matunda kuleni, bora yakiwa mazima kuliko kuyakamua na kuyatia sukari. Sikatazi majirani kupeana ushauri pia, maana upendo mwingi umo humo. Ninalosema ni kwamba ushauri si kipimo. Wingi wa watu wanaosema jambo hauligeuzi kuwa kweli, na kitu kuitwa cha asili hakukifanyi kiwe salama kwa kila mtu.

Kiu isiyoisha, kwenda chooni kila mara, kukonda bila sababu ya wazi, uchovu, macho kuingia ukungu, kidonda kisichopona: mwili haujisafishi hapo, unaita msaada. Nenda kituo cha afya, kipimo chenyewe ni tone la damu. Ukipewa dawa, usiiache kwa neno la mtu wa benchi; una swali, mrudishie aliyekupa. Na mtu aliyezimia asimiminiwe chochote mdomoni. Mlazeni ubavu, mkimbizeni hospitali.

Na sisi wenye midomo myepesi, tujifunze adabu mpya. Ukikutana na mwenzako amepungua ghafla, usimwambie kwanza kwamba amependeza. Mwulize kama amepima.