Simu Namba Kumi na Mbili

SAA 3:20 ASUBUHI, IJUMAA

Chumba cha nyuma cha mashine ya mpunga ya Yasini kilikuwa na sifa moja tu. Mashine ikiunguruma, ungeweza kupanga kumwibia jirani huku jirani amesimama dirishani, na asisikie neno. Mengine yote yalikuwa taabu. Vumbi la pumba, joto, benchi lenye mguu mmoja mfupi. Andrea alikuwa na kifua kibovu, na wiki ya tatu hii alikuwa akija kukohoa humo. Alikuwa amechoka. Tuseme ukweli, alikuwa ameuchoka mpango huu kabla haujaanza.

Walikuwa watatu. Yasini, mwenye mashine, mfanyabiashara wa Kyela mjini, mwenye sauti ya upole. Watu wengi walikuwa wameumizwa na upole ule. Gwamaka, dereva wa Fuso, mtu wa miraba minne. Na yeye Andrea, ambaye wenzake walimwita fundi.

"Rudia, fundi," Yasini akasema.

"Nimesharudia mara kumi, mzee."

"Ya kumi na moja haitakuua."

Andrea akafuta jasho. Akarudia.

Kampuni ya kununua kokoa ilikuwa na simu kumi na nne, moja kwa kila ghala. Simu zile hazikupokea programu ovyo kutoka mtandaoni. Zilipokea kutoka mahali pamoja tu, stoo ya programu ya kampuni yenyewe, na kila programu ilibeba muhuri wa siri wa kampuni. Bila muhuri, simu inaikataa. Mtunza ghala akipata kibali kwenye simu, anaweka namba zake za siri, mzigo unatoka. Hakuna karatasi. Hakuna wa kuhonga.

"Na muhuri unao," Yasini akasema.

"Ninao. Niliutengeneza mimi."

Miaka sita aliifanya kazi ile ndani ya kampuni. Halafu wakampunguza kwa barua ya mistari mitatu, na nafasi yake akapewa Doreen, binti aliyemfundisha mwenyewe tangu namna ya kushika kipanya. Doreen hakuwa mjinga. Mwezi wa kwanza tu alimpigia: kaka Andrea, si nibadilishe muhuri na kuifuta akaunti yako? Andrea akamjibu kwamba akibadilisha, itabidi simu zote kumi na nne zirudi mjini zisajiliwe upya, na masika haya barabara zimejaa maji. Vyote visubiri kiangazi, mdogo wangu. Binti akamshukuru. Ndaga fijo, alisema, asante sana. Andrea aliikumbuka shukrani ile zaidi ya alivyopenda.

"Saa sita kasoro," akaendelea, "naituma programu yangu kwa simu namba kumi na mbili. Hiyo tu. Ghala la Ndandalo, kwa Zebedayo. Sura ni ileile, ila kibali kinatoka kwenye kompyuta yangu. Ofisini wataona ghala limetulia. Watagundua jioni."

"Jioni kokoa iko Kasumulu, inavuka mto Songwe kwa mitumbwi kwenda ng'ambo ya mpaka," Gwamaka akamalizia.

"Na Zebedayo?" Yasini akauliza, ingawa jibu alilijua.

"Namba za siri ni zake. Atajua mwenyewe pa kuelezea."

Andrea alimchagua Zebedayo kwa sababu hakumpenda. Mkali, mbishi, mtu wa kuhesabu gunia mara tatu. Usiku aliwaza na kujiambia kwamba mtu wa namna ile hakosi wa kumtetea. Alijiambia hivyo mara nyingi mno kwa mtu anayeamini anachosema.

"Sharti langu lipo palepale," akasema. "Hakuna mguu wa kuku."

"Bastola ya nini?" Yasini akatabasamu. "Tunaenda kupakia mzigo wenye kibali."

SAA 5:50

Fuso ilisimama pembeni ya barabara, kando ya shamba la mpunga. Mvua nyembamba. Yasini na Gwamaka walivaa vizibao vya kampuni. Andrea alijilaza kwenye kitanda cha dereva nyuma ya viti, chenye kimlango chake cha pembeni, pazia limefungwa, kompyuta tumboni, kwa sababu mlinzi wa Ndandalo aliijua sura yake.

Ijumaa mchana ofisi ya kampuni hubaki nusu. Wengine msikitini, wengine kwenye chakula. Andrea akaingia kwa akaunti yake ya zamani. Ilifunguka bila kinyongo.

Akaituma.

Akasubiri. Mtandao wa huku ni wa kubembeleza. Dakika moja. Mbili. Halafu mstari ukageuka kijani: simu namba kumi na mbili, imepokea.

Huko nyuma aliwakusanya watunza ghala wote akawafundisha kwa siku nzima. Kinachokuja kwa njia ya kampuni, kipokeeni. Kinachokuja kwa njia nyingine, hata kiwe kizuri namna gani, msikiguse. Walimwelewa vizuri sana. Huo ndio ulikuwa wizi wenyewe, hayo mengine ni kubeba magunia tu.

"Tayari," akasema.

"Umechoka, fundi?" Gwamaka akauliza bila kugeuka.

"Endesha gari."

SAA 6:35

Geti la ghala likafunguliwa. Andrea akasikia matairi yakipita kwenye kokoto, mlinzi akisalimia, Gwamaka akishuka na kuubamiza mlango. Yasini alibaki kitini, mgongo wake sentimita chache kutoka kwenye pazia.

"Tumekuja na kibali cha magunia mia na arobaini," Gwamaka alisema huko nje. "Zebedayo yuko wapi?"

"Mugonile. Karibuni," sauti ya mwanamke ikasalimu. "Zebedayo hayupo, amefiwa na mama yake. Wanazika leo kule Lyulilo. Nimemshikia mimi."



Sauti ile aliijua tangu ilipokuwa ikililia maziwa. Asifiwe, mdogo wake wa tumbo moja, mtunza ghala wa kituo cha Lyulilo. Simu yake ilikuwa namba tisa. Kwenye orodha Andrea aliiona namba tisa iko Lyulilo, kumi na mbili iko Ndandalo, na akaridhika, kama watu wote wa ofisini wanavyoridhika na orodha. Orodha haikujua msiba. Huku mtu akifiwa hakai ghalani. Anaondoka, mwenzake anakuja kumshikia, anaachiwa funguo, simu na namba za siri, na ofisi haiambiwi kwa sababu ofisi hukata mshahara wa siku. Andrea mwenyewe alikulia humu humu. Alipaswa kulijua hilo kuliko mtu yeyote.

Akasogeza mdomo kwenye pazia. "Mzee. Tuondoke."

"Nini?"

"Yule ni mdogo wangu. Asifiwe. Tuondoke sasa hivi."

Yasini alichungulia nje kwa kioo. Alikuwa akipiga hesabu zake.

"Basi imekaa vizuri zaidi," akasema kwa upole. "Simu si yake, namba za siri si zake, na kaka yake ndiye fundi aliyefukuzwa. Polisi wakifika kwake watatafuta nani mwingine? Mimi?"

"Mzee, atafungwa."

"Mtu wa kufungwa ulikuwa naye tangu asubuhi. Amebadilika jina tu."

Huko nje Asifiwe alikuwa akiwaita wabebaji.

"Kibali nakiona," alisema. "Subirini niweke namba."

Kwenye kioo cha kompyuta, chini ya jina la simu namba kumi na mbili, kulikuwa na kitufe chekundu. Kimewekwa kwa ajili ya simu zilizoibiwa. Ukikibonyeza, simu inafungwa hapohapo, na taarifa inalia ofisini kwa Doreen: nani kafunga, kutoka wapi, saa ngapi. Haizuiliki. Andrea ndiye aliyeiweka taarifa ile isizuilike.

Akakibonyeza.

Inatuma, kioo kikasema. Inatuma.

"Moja... tisa..." Asifiwe alikuwa akisoma taratibu kutoka kwenye kikaratasi.

Inatuma.

"Sita..."

Andrea hakuwa mtu wa kanisani sana, lakini aliomba. Aliuomba mnara wa simu, akamwomba Mungu, akaomba marehemu mama yao asiwe anaangalia.

"Eh!" Asifiwe akasema. "Imezima. Inasema imefungwa na kampuni."

Pazia likafunguka. Yasini alikuwa na bastola mkononi, ndogo, nyeusi, na uso wake ulikuwa mpole vilevile.

"Ifungue."

"Haifunguki kutoka hapa. Mpaka Doreen. Na Doreen sasa hivi anasoma jina langu."

"Umetuchoma, fundi."

"Nimejichoma na mimi."

Gwamaka alirukia usukani, jasho linamtoka. Aliiona bastola. "Mzee, ulisema hakuna chuma! Mimi sikuja kuua mtu!"

"Washa gari."

"Sikuja kuua mtu, nasema!"

"Washa gari, Gwamaka."

Injini ikaitika. Andrea alifungua kile kimlango cha pembeni kwa kiwiko akajitupa nje, kompyuta ikamtangulia. Mlio ulikuja wakati bado yuko hewani. Hakusikia maumivu. Alisikia kokoto usoni, akasikia Fuso ikipiga kona, ikalibeba geti na bawaba zake, ikaondoka kuelekea Kasumulu na bodi tupu inayogongagonga.

SAA 6:44

Risasi ilipita kwenye nyama ya paja. Damu ilikuwa nyingi. Wabebaji walilala chini ya magunia, mlinzi nyuma ya tanki la maji. Aliyekimbilia kwake alikuwa mmoja tu.

"Kaka? Kaka Andrea!"

Asifiwe akapiga magoti kwenye matope, akavua kitambaa cha kichwani, akakizungusha pajani. Alikuwa akilia, lakini kazi ilikwenda. Alikuwa hivyo tangu utotoni, analia huku anafanya.

"Hakuna kilichotoka," Andrea akasema. "Hata gunia moja. Nimeifunga mimi. Uko salama, mdogo wangu."

"Umeifunga wewe? Ulikuwa ndani ya lile gari?"

Andrea akamwona akiitazama kompyuta iliyopasuka pale kwenye kokoto, halafu simu, halafu kule geti lilikokuwa. Asifiwe hakuhitaji kuelezwa mambo mara mbili. Akaacha kulia.

"Hukujua kama niko hapa."

"Sikujua. Haki ya Mungu, Asifiwe, ningejua..."

"Ulijua ni ghala la Zebedayo."

Mlinzi alikuwa ameinuka. Simu yake ilikuwa ikiita. Akapokea, akaisogeza mbali na sikio. "Ni dada Doreen wa ofisini," akasema kwa sauti ndogo. "Anauliza kuna nini."

Asifiwe hakugeuka. "Leo anamzika mama yake, Andrea."

Lile neno kaka lilikuwa limekwishaondoka. Andrea aliliona likiondoka, na liliuma kuliko paja.

"Angekuwa yeye amesimama hapa," Asifiwe akauliza, "ungeifunga?"

Uongo ulikuwepo, tayari mdomoni, na ulikuwa mzuri. Angeweza kusema kwamba alikwishaingiwa na wasiwasi njiani, kwamba alikuwa akitafuta nafasi tangu asubuhi. Asifiwe angependa kuamini. Lakini uongo ni kazi, na unahitaji kulishwa kila siku. Andrea hakuwa na nguvu hizo tena.

"Hapana," akasema.

Asifiwe akatikisa kichwa taratibu. Akakaza fundo la kitambaa mpaka Andrea akapiga kelele, akahakikisha damu imesimama. Kisha akainuka, akafuta mikono kwenye sketi, akamwendea mlinzi na kumpokea simu. Akamweleza Doreen yote, akianza na jina la kaka yake, jina la baba yao, na kijiji walichozaliwa.